Miche ya Mwembe wa Bi Zuwena

Ukiuliza mtaani Bangwe inakouzwa miche ya miembe, utaelekezwa kwa Skolastika, mama wa Kiha ambaye majirani humwita Mama Bariki. Kitalu chake kiko nyuma ya nyumba, kwenye mteremko unaoangalia ziwa. Asubuhi humwagilia viriba, vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche, kisha hukaa na kisu chembamba na kuanza kubebesha. Hukata kichwa cha mche uliooteshwa kwa kokwa, hupachika kijiti cha mwembe uliokwisha kuzaa, na kufunga kidonda kwa ukanda wa nailoni. Kijiti hicho ndicho kinachoamua tunda. Kokwa pekee haina uhakika. Ukipanda ya embe tamu, unaweza kuvuna chachu.

“Hata Bariki hafanani na mimi,” huwaambia wateja, “sembuse embe.”

Wengi wetu tunajua tofauti za maembe kwa ulimi tu. Skolastika huzianzia kwenye majani. Katika kitalu chake dodo ina jani pana, na sindano jani jembamba lililochongoka. Miche mingine hutoa machipukizi mekundu, mingine ya kijani tangu mwanzo. Hata hivyo, mche mdogo huweza kumdanganya mtu, kwa hiyo kila aina huifunga kitambaa chake. Vitambaa hivyo ni mabaki anayopewa na wifi yake Regina, fundi cherehani wa Katubuka.

Miaka minne iliyopita alifika Hamdani, mchuuzi wa dagaa mzaliwa wa Ujiji anayeishi Mwamgongo, kijiji cha ziwani kinachofikiwa kwa boti. Mama yake, Bi Zuwena, alikuwa amefariki. Ndugu walikuwa wamekubaliana kujenga vyumba vya kupangisha katika uwanja wa nyumbani, na mwembe wa mama ulisimama katikati ya uwanja huo. Embe lake halikuwa na jina. Lilikuwa dogo na la mviringo, ganda lake lilibaki kijani hata likiiva, na ndani lilikuwa na rangi ya kiini cha yai la kienyeji, bila nyuzi. Hamdani alileta vijiti vyake vikiwa vimeviringishwa katika gunia bichi, vimekwisha kupukutishwa majani. Vikifa, alisema, embe la mama limekwisha.

Vijiti vilishika. Skolastika akaifunga miche hiyo vipande vya kitenge cha bluu. Baada ya hapo malaria ikamlaza, na Regina, ambaye naye amejifunza kubebesha, akaja kumsaidia. Alibebesha dodo na sindano, akazifunga vitambaa alivyovikuta mkobani mwake. Msimu ule wanawake wa parokia walikuwa wakishona sare ya jubilei, na kwa Regina hakukuwa na kitenge kingine ila kile cha bluu. Kisha, kwa kupenda unadhifu, akakusanya pamoja miche yote yenye kitambaa cha aina moja.

Skolastika alipoinuka kitandani, alipita kati ya miche hiyo akigeuza kitambaa kimoja kimoja.

“Wifi, umeivisha yote sare. Sasa nani ni nani?”

Regina alicheka, akasema labda wote ni waumini.

Wakati huo mwembe wa Ujiji ulikuwa umekatwa, na kisiki kimeng’olewa. Regina alishauri Hamdani apewe miche iliyonenepa na asiambiwe kitu. Hadi izae, nani atakumbuka? Mvua za kwanza zilipoanza, Hamdani alikuja kuchukua miche yake, lakini Skolastika akamweleza yote kabla hajaketi.

Hamdani aliangalia chini. “Mama Bariki, nilikukabidhi mama yangu.”

“Najua, kaka. Ndiyo maana sijakupa mche wowote.”

Alimuuliza anakumbuka nini kuhusu majani ya mti ule. Hamdani akasema yeye alikula maembe, hakula majani. Skolastika akauliza ni nani aliyekuwa akifagia uwanja. Hapo Hamdani akacheka bila kupenda, kwa sababu mfagiaji alikuwa yeye, kila asubuhi kabla ya kwenda madrasa. Majani yale yalimtesa. Yalikuwa membamba na yamejikunja kingo kama dagaa waliokaushwa juani, yakipenya kati ya njiti za ufagio. Na majani machanga yalikuwa na rangi gani?

“Mekundu,” akasema taratibu. “Mama aliyaita kucha za bibi harusi, zenye hina.”

Wakainama pamoja kati ya viriba. Dodo walizitenga upesi kwa upana wa majani yake. Sindano zilisumbua, maana nazo zina jani jembamba, lakini mvua ilikuwa imeamsha machipukizi, na yale ya sindano yalikuwa ya kijani. Michache haikuwa imechipua bado. Skolastika alimwambia wazi ni ipi anayoiamini na ipi anayoikisia. Hamdani akaichukua yote miwili-miwili mikononi hadi kwenye boti, hakukubali kusaidiwa.

Msimu huu amerudi na kikapu. Alikaa kwenye kibaraza, akamwomba Skolastika kisu, akakata embe la kijani lililolainika. Ndani kulikuwa na rangi ile ile. Kati ya miche ya kukisia, alisema, mmoja umezaa sindano, naye ameuacha usimame kwa kuwa watoto wanaupenda. Mingine yote ni mama.

Skolastika alikula taratibu hadi kwenye kokwa. Kisha akaomba vijiti.

“Nimekuletea,” Hamdani akasema. “Ila mche wa kwanza una mwenyewe. Kaka yangu, yule aliyeukata mti, ameonja. Anataka mmoja apande nyuma ya vyumba vyake.”

“Mwambie aje auombe yeye mwenyewe,” Skolastika akasema, akilamba vidole. “Na aje na ufagio.”