Laurentine, Mchunga Nafasi Yangu

Nilipomzaa Nkandu, mwanangu wa kwanza, Alphonse aliyeongoza bendi yetu ya jazi aliniapia kwamba nafasi yangu ya kuimba haina mwenyewe mwingine. Laurentine angeimba tu mpaka nitoke ndani. Laurentine! Binti wa mpiga nyundo wa reli, muuza munkoyo, aliyeita wanywaji sokoni mpaka sauti ikakwaruza. Nilicheka. Nguo ya kuazima haisitiri matako.

Jumapili niliyotoka nilimbeba mtoto, nikaenda moja kwa moja ukumbini, pale mtaa wa Cité Albert, mchana kweupe. Sikwenda kusikiliza. Nilikwenda kumwona Laurentine akiaibika, kisha nichukue nafasi yangu.

Nikamkuta ameshafika, kabla hata ya wapiga gitaa. Gauni la kawaida, pasi imepita sawasawa. Alijaribu maikrofoni, akamuuliza kila mpigaji ataingia wapi. Mimi huwa nachelewa. Mwimbaji anayejulikana hungojewa. Mbwembwe tu, nikasema moyoni.

Wimbo wa pili ulipofika katikati, maikrofoni ikafa. Jamani, nilifurahi! Iliponifia mimi mwaka uliopita, nilishuka jukwaani nikimtukana fundi. Laurentine hakugeuka hata. Aliinua mkono, ngoma zikashuka, gitaa likapoa. Akaja katikati ya watu, akaimba kwa koo tupu, polepole, na kila neno likafika mlangoni. Edouard wa saksafoni aliingia mapema, akapotea. Laurentine akairefusha sauti yake mpaka Edouard akamfikia, na watu wakadhani ndivyo wimbo ulivyo. Mimi nilijua. Hilo ndilo lililoniuma: ningekuwa sijui muziki, ningelala vizuri.

Nkandu akaanza kulia. Lia, mwanangu, nikamwomba, mharibie! Laurentine akasogea karibu, akaushusha wimbo taratibu, kama anayembembeleza mwanawe. Na mtoto wangu, anayenyonya maziwa yangu mimi, akanyamaza, akamkodolea macho.

Makofi yalipokwisha alisimama mbele yangu, jasho likimtiririka.

"Mama Nkandu, nafasi yako iko. Miye nilikuwa nakuchungia tu. Kuya uimbe, bantu banakungojea."

Alisema kwa moyo mweupe, na nikamchukia zaidi. Angekuwa mwizi, ningemvuta nywele. Alphonse alitazama viatu vyake. Ukumbi mzima ulinigeukia. Niimbe nini baada ya sauti ile?

"Leo hapana," nikasema. "Mutoto iko analala. Endelea tu."

Nkandu alikuwa begani mwangu, macho wazi kabisa, akimtazama yeye. Laurentine naye akamtazama.

"Ni kweli," akasema. "Iko analala."

Akarudi jukwaani, na wimbo uliofuata akauimba kwa sauti ya chini.