Sufuria ya Siku ya Nne

Mimi nikikwambia mvua inanyesha, toka nje kwanza uhakikishe. Nimewaambia watu wa Doonside, mtaa wetu hapa Sydney, kwamba pale Tanga nilimzaba papa wa baharini kofi akalia kama mtoto, na wapo walioamini. Lakini haya ya Khamisa sikuyatia chumvi. Yalikuja na chumvi yake.

Khamisa, mtu wa kwetu Tanga, alisafisha maofisi ya mjini miaka kumi na mmoja. Mikono yake ilinuka dawa ya vyoo hata siku ya Idi. Alipofika miaka thelathini na tisa ndipo akampata Stambuli, mtu wa Mombasa, dereva wa ghala, mpole mpaka unataka kumfinya uone kama yu hai. Wakaoana. Chumba cha kupanga wakakirudisha, mizigo wakaileta kwa binti yangu Fawzia ninakokaa, wakaazima vani ya Sabri, mdogo wake Stambuli aliyeko Melbourne. Vani yenye kitanda, jiko, na sinki dogo la kunawia sungura. Miezi sita watazunguka nchi hii, walisema, maana miaka yote wameiona kwa dirisha la treni tu.

"Na fungate je?" nikauliza.

"Tutaikalia humo humo garini, bibi," akasema Khamisa, macho chini.

Nikasema sawa, lakini siku saba hizo msitoke Sydney. Bibi harusi hapiki. Chakula nitaleta mwenyewe, siku ya nane mwende mnakotaka. Wakanitii.

Siku ya kwanza walilala mbele ya nyumba yetu. Ya pili na ya tatu walikuwa Parramatta, kando ya mto. Ya nne wakaenda Cronulla kwenye bahari, na mimi nikapanda treni na sufuria ya pilau mapajani. Behewa zima lilinukia bizari. Mzungu mmoja alinifuata vituo vitatu akidhani treni imeanza kuuza chakula.

Sasa, kwenye fungate hubishi hodi. Unaweka chakula mlangoni, unakohoa, unaondoka. Nikaweka sufuria kwenye kidaraja cha kupandia vani. Mapazia yamefungwa. Nikasikia mwanamume anaguna. Mguno mzito, tena wa pili, tena wa tatu. Nina miaka sabini na sita na akili yangu bado haijatawadha. Nikacheka kwa nguvu.

"Taratibu jamani! Vani ya kuazima hiyo!"

Nikashika njia ya kituoni, nacheka peke yangu.

Kumbe Stambuli alikuwa ameshika kifua tangu alfajiri. Khamisa alitaka kupiga simu, yeye akamkataza: ni gesi tu, na ukiita ambulensi siku ya nne ya fungate, watu watatucheka mpaka tuzeeke. Alipopiga, mgonjwa alikuwa ameshanyamaza. Watu wa ambulensi waliiruka sufuria yangu kuingia ndani. Walipotoka walitoka taratibu, na mtu wa kutoka taratibu hana mgonjwa.

Tulimzika makaburi ya Rookwood. Tukamwambia Khamisa aingie chumba cha Fawzia akae eda. Akakataa.

"Eda hukaliwa nyumba ya mume," akasema. "Nyumba niliyokaa na mume wangu ni ile."

Fawzia akaileta vani uani. Khamisa akaingia na nguo zake nyeupe, akafunga mapazia. Miezi minne na siku kumi. Ilikuwa Juni, na baridi ya huku inauma mpaka meno ya bandia. Alikuja ndani kwetu kuoga na chooni tu, amejifunika gubigubi. Sahani nilizompelekea zilirudi zimeguswa pembeni, kama zimedonolewa na ndege.

Wiki ya tatu Sabri akatokea.

"Bibi, nimepata mnunuzi. Kesho asubuhi naichukua."

"Mna mtu humo. Yuko edani."

"Kaka yangu kafia humo! Siwezi kuiona tena." Akaipa vani mgongo. "Na eda inakaliwa nyumba. Hii ni gari. Nyumba gani ina magurudumu?"

Alipoondoka nikamwita Patient, Mkongomani wa Rooty Hill, fundi wa magari siku ambazo haendi ghalani.

"Mama muzee, hii gari iko muzima. Juu ya nini tunatosha mipira?"

"Toa tu, mwanangu."

"Mwenyewe anajua?"

"Atajua kesho."

Akatoa magurudumu yote manne, akaiketisha vani juu ya matofali. Khamisa alikuwa ndani, alisikia nyumba yake ikipanda na kushuka. Hakufunua hata pazia.

Asubuhi Sabri akasimama uani, ufunguo mkononi.

"Bibi, magurudumu yako wapi?"

"Nyumba gani ina magurudumu?"

Akainama kutazama matofali. Nikamwongezea kwamba nimempigia shehe mkubwa wa Tanga, naye kasema iliyo juu ya matofali ni nyumba. Shehe huyo alikufa miaka kumi na minne iliyopita. Sabri akakaa kwenye kidaraja palepale nilipoweka sufuria, akalia. Ndani ya pazia Khamisa naye akalia. Kisha Sabri akainuka akajifuta.

"Miezi minne na siku kumi, bibi. Ya kumi na moja nakuja."

Watu walinisifu sana kwa yale magurudumu. Nikaacha wanisifu. Fungate yao haikufika siku saba. Nilitaka eda angalau ifike.

Ikafika. Patient akarudisha magurudumu, Sabri akawasha gari. Khamisa akashuka ameoga, amevaa kanga ya rangi, amekonda mpaka kanga imemzunguka mara tatu. Mkononi ana sufuria yangu.

"Bibi, siku ile ulimsikia?"

Uongo ukanijaa mdomoni, mzuri, umepangika: upepo wa bahari, masikio ya uzee. Nimesingizia mapapa na mashehe. Huu ulikataa kutoka.

"Nilimsikia."

"Na mimi nilikusikia ukicheka," akasema, bila ukali. "Nilikuwa nimeshashika kitasa nikuite. Nikaona haya."

Akanipa sufuria. Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu, hata kijiko cha sukari utatia. Nikafunua kifuniko. Imesuguliwa vizuri, kavu, haina kitu.

Sasa amepanga chumba Blacktown, amerudi kusafisha maofisi. Tukikutana kwenye shughuli hunipa shikamoo yangu kamili. Pilau yangu wanaila wote, na sahani ikimfikia huipitisha kwa wa pili.