Dada Alipokosa Dereva Doha

Dada yangu alinipigia simu kutoka uwanja wa ndege wa Doha nikiwa nyumbani, mtaani kwetu Mashimoni, napika. Dereva aliyeahidiwa na ajenti aliyemtafutia kazi huko hakuwa ameonekana.

"Kuna mwanamume anasema atanipeleka," alininong'oneza. "Ameshashika begi langu."

"Anajua jina la mwajiri wako?"

"Hajui."

"Mnyang'anye hilo begi! Rudi ndani, uliza askari teksi za uwanja ziko wapi."

Simu ikakatika. Nilipiga tena na tena, haikuingia. Ugali uliungua nikiutazama tu.

Hatimaye ujumbe ukaingia. Mama mmoja Mkenya anayefagia uwanjani alikuwa amemwona dada akivutana na yule mwanamume, akamfukuza mwanamume huyo. "Niko na huyo mama kwa treni," dada aliandika. "Amenisaidia kumpigia mwajiri, atanichukua kituoni."

Nilikaa sakafuni nikalia.