Vidoti Nilivyovifukia kwa Udongo

Siku mbili kabla ya Idi nilikandika ukuta wa jiko, kama kila mwaka. Sitaki mgeni ale pilau yangu huku akitazama masizi. Nimemaliza tu, nanawa mikono, mjukuu wangu akapiga ukelele kama kaumwa na nge.

"Bibi! Gemu yangu!"

Binti wa miaka kumi na moja huyo. Alikuja kwangu Mtunda likizo na mashine ya gemu aliyochezea baba yake utotoni. Kaseti yake haina kumbukumbu: ukizima, imesahau ulipofika. Ila kabla hujazima inakuonyesha kisanduku chenye miraba, ndani vidoti vyekundu. Unavinakili, kesho unavipanga vilevile, inakurudisha ulipoishia. Yeye alinakili kwa mkaa, kwenye ukuta wangu! Alibakiza adui mmoja tu, na Idi pili anarudi Dar kwa mama yake. Kuanza upya asingewahi.

"Mke mwenzangu, usinililie, sijafa," nikamwambia. "Washa hiyo mashine."

"Utaweza wapi, Bibi? Wewe uliishia darasa la pili."

"Ndiyo, la pili. Na mikeka anasuka nani?"

Nasuka tangu sijavunja ungo. Nakshi niliyoikodolea macho siku tatu nikipika futari haiwezi kunitoka. Nikamwelekeza mstari kwa mstari, akabonyeza. Mashine ikakataa.

"Umeona?" Machozi hayo.

Nikafumba macho, nikaliona kosa. Nakshi ile ilikuwa na kasoro: kushoto kidoti, kulia hamna. Ilinikera siku zote tatu. Mkono wa msukaji hauvumilii kitu kama hicho, basi nami nilishairekebisha kichwani bila kujijua.

"Toa kile cha chini, kulia."

"Una hakika?"

"Toa, mtoto mbishi wewe!"

Akatoa. Muziki ukalia, likatokea lijitu la chuma lenye mikono minne. Hata ahsante sikuisikia, keshaanza kurukaruka. Punde si punde, lijitu likamuua. Nilicheka hadi nikakaa chini.

"Bibi, acha bwana! Nipangie tena."

Nikampangia. Alikuja kulishinda asubuhi ya Idi, wageni wamejaa barazani, na mimi nimesimama nyuma yake na sinia la pilau, nimesahau nilikuwa nampelekea nani.