Usizibe Njia kwa Kumsubiri Mmoja

Mwanangu, umenieleza kwamba seva ya hospitali yenu inahudumia watu mmoja mmoja, na akitokea wa kusubiri jibu kutoka mbali, wote walio nyuma yake wanakwama. Nimekuelewa vizuri. Mambo hayo niliyaona kabla hujazaliwa.

Ilikuwa masika, miaka ya tisini, nami nesi kijana wa zahanati huku Mkula. Simu ya upepo ndiyo ilikuwa mkombozi wetu. Zahanati zote za bondeni tuliita kituo kimoja, Ifakara. Siku hiyo mama mmoja wa Kisukuma alikuwa amejifungua, damu haikatiki. Nikaita. Bosco, kijana wa kituoni, akajibu, "Mkula, subirini. Mzee wa stoo Morogoro kasema nimngoje hapa hapa. Ova."

Jamani! Mzee mwenyewe yuko kwenye makabati anatafuta dawa, hewani hayupo. Lakini Bosco, kwa adabu aliyolelewa nayo, haoni atamwachaje mkubwa. Nililia, sikufichi.

Ndipo nikamsikia Mzee Kaspari, mkuu wake. "Bosco, heshima ni kumwitikia mzee akirudi, siyo kuziba njia wakati hayupo. Mkula, sema!"

Daktari wa hospitali ya Ifakara alikuwa wodini. Kaspari akaweka simu ya wodini sikio moja, mimi sikio la pili. Hakungoja nimalize maelezo. Nikisema neno, analipitisha. "Kondo la nyuma limetoka lote?" Halikutoka. "Vaa glovu, ingiza mkono taratibu." Sentensi kwa sentensi, kana kwamba daktari kasimama nyuma yangu. Morogoro waliporudi katikati, akawaambia, "Nimekusikia mzee, nitakuita," tukaendelea. Damu ikakatika. Yule mama aliishi.

Ngoja ngoja huumiza matumbo, mwanangu, na siku ile nusura iue. Basi seva yako ifundishe hivi: anayesubiri jibu asikatwe, ila asimzuie mwenzake. Ashikiliwe pembeni, na jibu likianza kufika lipitishwe hapo hapo, lisingojwe likamilike. Nawe ikikwama, usiniambie eti ni mtandao tu. Huko upande wa pili pengine kuna mtu anavuja damu.

Mungu aibariki mikono yako, na kila atakayeita kupitia kazi yako apate wa kumwitikia.