Kidonda cha Mwanamke wa Endulen

Nilijua mama anaumwa asubuhi niliyomkuta nyuma ya zizi, amejificha na beseni, anafua kanga kwa majivu kwa sababu sabuni mwaka ule ilikuwa haionekani madukani. Maji ya beseni yalikuwa mekundu. Mama alikuwa mjane mwenye wajukuu. Damu ya mwezi alikuwa ameshaisahau kwa miaka mingi. Niliiweka chini ndoo ya maziwa niliyokuwa nayo.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu tulipopanda ngano," akasema bila kuinua uso.

Ngano tulikuwa tumeshaivuna, magunia yamepangwa ndani. Muda wote ule alilima, alikamua, alipanda vilima vya Mbulumbulu kwenda kanisani, na kumbe chini ya nguo alikuwa amejifunga matambara. Tulilala nyumba moja. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale pale kijijini, na sikuwa nimeona kitu.

Daktari wa hospitali ya misheni alimpima, akanawa mikono taratibu mno, kisha akaniita pembeni. Alisema ni kansa ya shingo ya kizazi, na imeshatambaa kiasi kwamba kumpasua hakutasaidia.

"Dar es Salaam kuna mashine ya mionzi," alisema. "Mpeleke upesi, mwalimu."

Nilimuuliza mionzi itafanya nini. Akasema itaua kansa. Nikauliza itaijuaje kansa na kumwacha mama. Alinitazama kidogo, akasema huko nitaelezwa.

Tulishuka na basi kutoka Karatu, mama ameegemea dirisha amejifunika shuka usoni ili asione bonde la Mto wa Mbu kule chini ya mteremko. Hakuwa amewahi kutoka nje ya wilaya. Dar es Salaam joto lilimpokea kama mtu aliyesukumwa jikoni. Alilazwa wodi ya wanawake, mimi nikapata pa kulala kwa familia moja ya kwetu iliyokuwa ikiishi mjini, na kila asubuhi nilikwenda kuwa mkalimani wake, maana Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu.

Siku ya kwanza kijana mwenye koti jeupe alimlaza mezani, akamfunua tumbo, akaanza kumchora mistari kwa wino wa zambarau. Mama, ambaye nadhani hata marehemu baba hakupata kumwona tumbo mchana, alinishika mkono akaubana hadi vidole vyangu vikafa ganzi.

"Mistari hii asiioshe," kijana aliniambia. "Ndiyo inayotuonyesha pa kulenga."

Kulenga. Sikumtafsiria mama neno hilo.

Akapelekwa kwenye chumba chenye mashine. Ilikuwa chuma kikubwa chenye kichwa kilichoinama juu ya kitanda, kimya, hakina moshi wala harufu. Kijana alimweka sawa, akamwambia asitikisike, halafu akanishika bega kunitoa nje. Wote tulitoka. Mlango mnene ukafungwa, mama akabaki ndani peke yake, na kijana akawa anamwangalia kupitia kioo. Mashine ilivuma kidogo. Baada ya muda mfupi mlango ukafunguliwa, na mama alikuwa vile vile, macho yamemtoka.

"Hawakunifanya kitu," alisema. "Sikusikia hata joto. Lakini kama ni dawa, mbona mmenikimbia?"

Nilimuuliza kijana swali hilo kwa Kiswahili. Akajibu kwamba mgonjwa anapata mionzi kwa siku zake chache tu, lakini yeye yuko pale mwaka mzima, na ikimpata kila siku itamdhuru. "Ndiyo maana hata mlango umewekwa risasi," akasema.

Neno hilo mama alilijua. Alishuka kitandani haraka kuliko nilivyomwona akitembea tangu augue.

"Risasi za nini? Mtu akikataa wanampiga?"

Nilimweleza kuwa risasi ni madini mazito yanayozuia mionzi isipite, si zile za bunduki. Sidhani kama aliniamini.

Daktari wa pale alikuwa mtu mzima mwenye subira. Alitukalisha na kutueleza. Mwili umejengwa kwa seli, vitu vidogo visivyoonekana kwa macho, na ndani ya kila seli kuna maelekezo ya namna ya kugawanyika na kuzaa nyingine. Mionzi inapita ndani ya nyama na kuyakatakata maelekezo hayo. Seli nzima ikijeruhiwa hupumzika, ikajitengeneza. Seli ya kansa ina pupa. Inataka kugawanyika kabla haijajitengeneza, na hapo hapo inakufa. Ndiyo sababu wanatoa kidogo kidogo, kila siku, ili zile nzima zipate nafasi ya kupona.

Mimi nilikuwa nikifundisha darasa la sita habari za seli. Nilikuwa nikichora duara ubaoni, na nukta katikati, watoto wananakili, tunafuta. Sikuwahi kufikiri kwamba ile nukta inaweza kukatwa, na mtu akaishi au akafa kwa sababu hiyo.

"Je, mionzi yenyewe haiwezi kuharibu seli nzima ikazifanya kuwa kansa?" niliuliza, nikitegemea anikatalie.

"Inaweza," alisema. "Si mara nyingi, na huchukua miaka. Lakini hii aliyo nayo mama haitamngoja miaka."

Kitu kile kile kinaua ugonjwa na kinaweza kuuleta, na mimi nilimpakia mama basi nikamleta kwenye kitu hicho.

Mama alinivuta nguo. "Anasemaje?"

Kiiraqw, lugha yetu sisi tunaoitwa Wambulu, hakikuwa na neno la mionzi. Nikamwambia ni miale, kama ya jua, ila haionekani na inaingia mpaka ndani ya mwili. Kwa lugha yetu jua na Mungu wa wazee wa zamani vina jina moja. Mama, aliyebatizwa akiwa msichana, alinitazama kwa hofu.

"Wamemfungia ndani ya chuma?" akanong'ona.

Nilipomtafsiria daktari hakucheka. Alisema tu, "Mwambie hapana. Ni madini yaliyotoka ardhini." Akaongeza kwamba mionzi ile haibaki mwilini, na akirudi nyumbani anaweza kuwapakata wajukuu bila wasiwasi.

Kufikia wiki ya tatu ngozi ya tumbo la mama ilikuwa imebadilika rangi, nyeusi kama imebabuliwa, na kwenye mikunjo ya mapaja imechubuka. Tumbo likawa linamwendesha, chakula hakitaki hata kukinusa. Asubuhi moja nilimkuta ameketi karibu na mlango wa wodi, kanga zake amezifunga furushi.

"Wananichoma bila moto," alisema. "Twende. Nikafie kwetu."

Nilimbembeleza, nikagomba, nikalia. Aliyemjibu alikuwa mwanamke wa kitanda cha jirani, mfugaji wa Kimasai kutoka Endulen, kule ndani ya Ngorongoro. Kwa wiki zote zile mama hakuwa amezungumza naye zaidi ya salamu. Mama alikulia zama ambazo kusikia Wamasai wamefika kulimaanisha ng'ombe wa baba yake hawako tena zizini. Yule mwanamke alikuwa mdogo kwa mama, lakini alikuwa ametangulia kuanza matibabu. Aliinuka kwa shida, akaja kukaa sakafuni mbele yetu.

"Yeyo, unakwenda wapi?" alimuuliza. Ndivyo wanavyomwita mama kwao.

"Nyumbani."

"Niangalie mimi kwanza."

Akafungua shuka kifuani. Upande wa kushoto hapakuwa na titi. Palikuwa na shimo lenye kingo ngumu, ngozi yake nyeusi imekakamaa kama ya ng'ombe iliyowambwa juani. Niligeuza uso kabla sijajizuia. Mama hakugeuka.

"Nilipokuja kidonda hiki kilikuwa kimeoza," alisema yule mwanamke kwa Kiswahili chake cha polepole. "Nzi walikuwa hawaniachi. Watoto walishindwa kula karibu yangu. Nilijijengea kibanda changu mbali na boma, nikalala huko peke yangu. Ngozi yangu hapa iliungua kama yako, ikabambuka, nikataka kukimbia kama wewe. Sasa sogea, nusa."

Mama akainama mpaka pua yake ikakaribia kugusa kile kidonda. Akavuta pumzi.

"Hakinuki," aliniambia kwa Kiiraqw, kana kwamba ananishtaki.

"Basi rudi kitandani, yeyo," alisema yule mwanamke, akajifunga shuka yake.

Mama alirudi. Alimaliza matibabu yote, hata yale ya mwisho, ya mionzi ya kuwekwa ndani ya mwili, ambayo hadi leo sijathubutu kumuuliza yalikuwaje. Yule mwanamke aliruhusiwa kabla yetu. Aliondoka na muuguzi aliyempeleka kituo cha basi, akatupungia mkono, shingo imenyooka.

Tuliporudi nyumbani mama aliendelea kudhoofika kwa muda, halafu akaanza kula. Damu ilikoma. Yule daktari wa misheni alipompima mara ya mwisho alikaa chini kwenye kiti, akasema uvimbe hausikii tena mkononi. Alirudia kumpima. Nadhani naye hakuwa ametegemea.

Baada ya mavuno yaliyofuata mama alitaka kwenda Endulen kumtembelea mwenzake wa wodini. Alichambua maharage mwenyewe, akajaza mfuko. Tulipata nafasi kwenye gari la misheni lililokuwa likipeleka dawa hospitali ya huko. Tulipita lango la Ngorongoro, tukapanda ukingo wa kreta ndani ya ukungu. Maisha yake yote mama aliishi chini ya mlima ule na hakuwahi kuupanda.

Tulielekezwa boma la yule mwanamke. Alitoka mwanamke mwingine, mke mwenza wake, akatusikiliza. Kisha akasema mwenzake alikufa wakati wa mvua, ugonjwa ulikuwa umeingia kwenye mifupa.

"Lakini kidonda kilikauka," nilisema. Nilisikia sauti yangu imepanda. "Tulikiona. Alikuwa anapona."

"Alikauka kidonda," alisema mke mwenza. "Kupona, daktari alimwambia tangu mwanzo kwamba hatapona. Dawa ilikuwa ya kukausha tu, ili aje alale ndani na watoto wake. Na alilala nao."

"Alijua?" mama akauliza kwa Kiswahili. "Siku ile, alijua?"

"Alijua. Alitusimulia habari za mama mmoja Mmbulu aliyetaka kutoroka. Alisema, yule ugonjwa wake bado haujafika mbali, yule nimemrudisha."

Mama alimkabidhi maharage. Tulipewa maziwa, tukanywa. Mtoto wa kike alikuja kuegemea mlango akatuangalia, ana shingo ndefu kama ya mama yake.

Wakati wa kurudi, pale juu ya ukingo, mama alianza kulia kwa sauti, kilio ambacho hakukitoa hata kwenye mazishi ya baba. Dereva aliogopa akasimamisha gari. Tulikaa hapo, ukungu unapita mbele ya kioo, hadi mama alipofuta uso kwa kanga na kumwambia dereva aendelee.