Mtoto wa Balungi na Chenza

Muuza madanzi wa mtaa wa Bwiza hubonyeza kila tunda kwa kidole gumba, kisha hukinusa kidole. Waislamu wa mtaani huyaita madanzi, masista huyaita bigaradi. Naye humjibu kila mtu kwa jina alilokuja nalo. Mwalimu wa biolojia alipomwambia kuwa danzi ni mtoto wa balungi na chenza, muuzaji alicheka kwa uchovu: "Kumbe ndugu yangu." Baba yake Mhutu, mama yake Mtutsi, tangu vita vianze halisemi hilo. Asubuhi moja, penye gogo lililofunga barabara, mwanamume mwenye panga alimwuliza, "Mama, we wa upande gani?" Mama akakata danzi, akampa. Jamaa akanyonya, akakunja uso. "Kali! Inaitwa nini hii?"

"Ita unavyotaka, mwanangu. Mi majina yamenichosha."

Jamaa akacheka, akasogeza gogo. Mama akapita, kidole gumba puani.